Mwanangu, soma hii kabla hujaingia chini ya hiyo pikapu

Kamwene mwanangu. Za Ruaha Mbuyuni na joto lenu, huku Iringa baridi imerudi nimejifunika khanga mbili na bado. Nakuandikia maana kwenye simu ulikuwa na haraka, ukasema mama we nitumie tu maelezo nitasoma usiku, haya soma, ila usiruke ruke kama ulivyokuwa unafanya na vitabu vya shule.

Ulisema kijana wa gereji kakwambia hiyo pikapu yako, Toyota Hilux Revo ya oto (gia zinajibadili zenyewe), haina stiki ya kupimia oili ya gia boksi kwa hiyo oili yake haibadilishwi, ni ya maisha. Stiki haina kweli, hapo hajakudanganya. Hilo la maisha ndo uliache hapo hapo gereji. Oili ya oto inafanya kazi tatu kwa mpigo, inalainisha, inapooza, na presha yake ndo inabana zile klachi za ndani ili gari iende, na kinachoimaliza ni joto. Sasa we unapakia vitunguu pale chini unapanda nao ule mlima wa Kitonga mara tatu kwa wiki, nyuma ya malori yanayotambaa kama kobe, unaenda unasimama unaenda unasimama, oili hiyo itakuwaje ya maisha? Ya maisha ya nani?

Unakumbuka ile pikapu yetu ya zamani, nyeupe, we ulikuwa darasa la tano. Ile ilikuwa na stiki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, abadilishe oili ya gia boksi, mi nikaenda kunywa chai na chapati upande wa pili wa barabara, na hilo ndo kosa langu, hiyo chapati. Niliporudi kamaliza. Kaweka nini sijui, alichota kwenye pipa, nyekundu, na mi nikaona nyekundu nikaridhika. Hakupima iliyotoka wala iliyoingia na mi sikuvuta stiki nikaangalia. Wiki mbili baadae nikiweka D gari inasita, unahesabu moja, mbili, tatu ndo inakuja na teke mgongoni. Nikajisemea itakaa sawa yenyewe. Siku hiyo nina matenga ya nyanya, katikati ya Kitonga, injini inanguruma gari haisogei, kisha ikaanza kurudi nyuma taratibu na lori limeniganda nyuma, nikapiga hendibreki nikatoka nje natetemeka. Nililala pale na nyanya zangu. Gia boksi ya mtumba ikala hela ya mahindi yote ya mwaka ule, ndo maana ulienda shule na viatu vya dada yako.

Kwa hiyo nikisema rangi nyekundu siyo kitu, nielewe. Oili za oto nyingi wanazitia rangi nyekundu makusudi zisichanganywe na ya injini. Yako inataka ATF WS ya Toyota, nyepesi kuliko zile Dexron zilizokuwa zinaingia kwenye magari ya zamani. Muuza duka akikwambia hii inaingia gari zote mwachie mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Fanya alfajiri, kabla jua halijapanda, sababu nitakwambia mbele. Paki kwenye ile sakafu ya zege ya ghala, tambarare kabisa, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, hendibreki juu. Jeki ya nini, pikapu iko juu yenyewe we mwembamba utaingia, na ukiinua upande mmoja vipimo vyote vinakuwa uongo. Gari iwe imelala usiku kucha, imepoa. Unaijua hii alama kwenye mkono wangu wa kulia, watu wanadhani ni mafuta ya maandazi, ni oili ya gia boksi niliyoifungulia imetoka safari.

Kuna nati tatu. Moja ubavuni mwa gia boksi, ya kujazia. Mbili kwenye sampu (ile bakuli ya chuma ya oili) kwa chini, ya kumwagia na ya kupimia. Spana zake nimezifunga utepe mwekundu kwenye lile sanduku, usitumie nyingine. ANZA NA YA KUJAZIA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, umebaki na gari isiyo na oili na isiyojazika, utaisukuma kwenda kwa yule yule wa oili ya maisha.

Ikishalegea ndo ufungue ya kumwagia, beseni liwe tayari, acha mpaka idondoke tone tone. Itatoka kama lita 3 hivi. Usiimwage! Mimina kwenye chupa za maji za lita moja, uzipange mstari, uone umetoa chupa ngapi na ya mwisho imeishia wapi, piga alama na maka peni. Kinachotoka ndo kinachorudi, yule fundi wangu angefanya hilo tu na nyanya zangu zingefika.

Chovya kidole, pakaza kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu iliyofifia au kahawia inayopitisha mwanga, sawa, imechoka tu. Nyeusi inayonuka kama maharage yaliyoungulia chini ya sufuria, hizo ni klachi zinaungua, usiendelee, nipigie. Sugua na vidole viwili pia, ukisikia chenga chenga za chuma nipigie vile vile.

Rudisha nati ya kumwagia na washa yake mpya (ile pete ya kuzuia kuvuja), kaza ya kutosha tu, usipachike bomba kwenye spana ukaning'inia, ukishaharibu meno ya ile sampu ni kilio kingine. Kujaza, huwezi kumimina kutoka chini, kwa hiyo pitisha ule mpira mrefu kutoka juu upande wa injini mpaka kwenye tundu la ubavuni, faneli juu, mdogo wako amimine polepole we uko chini unaushikilia. Mkifikia zile alama za chupa, funga.

Washa, mguu kwenye breki, peleka gia P, R, N, D, kila moja isubiri kidogo, rudi P. Hapa ndo sababu ya alfajiri. Oili ikipata moto inavimba, kwa hiyo kipimo kinachukuliwa ikiwa nyuzi karibu 40, isiwe baridi sana wala isiwe ya moto. Kule kwenu saa nane mchana hewa yenyewe tu inakaribia huko, kabla hujajipanga imeshapita. Chomeka ile skana ndogo ya bluetooth, soma joto la gia boksi kwenye simu, ikifika hapo injini ikiwa bado inanguruma bila kukanyagwa mafuta ingia chini (mdogo wako abaki na mguu kwenye breki asichezee kitu) fungua nati ya kupimia. Ikitoka kama uzi halafu ikaanza kudondoka, funga, umepatia. Isipotoka kitu, ongeza. Ikimwagika nyingi, iache ipungue mpaka idondoke ndo ufunge. Jihadhari na bomba la moshi litakuwa la moto.

Halafu usifikiri umeimaliza. Nyingine kibao imebaki ndani, kwenye konveta (ile inayounganisha injini na gia boksi) na kwenye mabomba ya kupooza, haitoki kwa nati. Tuseme jumla ni lita 9 na we umetoa 3, mpya ni theluthi tu. Tembea wiki mbili, rudia, inapita nusu kidogo. Rudia tena, inafika kama asilimia 70, hapo inatosha. Wapo wanaoisukuma yote nje kwa mashine siku moja, mi kwa gari isiyojulikana historia siipendi hiyo.

Na Kitonga weka lever kwenye S uchague gia mwenyewe, usiiache ipande ishuke ipande ishuke na mzigo, huko ndo inakopata homa.

Oili chafu weka kwenye dumu mpaka nije, usimpe mtu apake nguzo karibu na kisima.

Madumu matatu ya lita 4 nimempa kondakta wa basi la Ijumaa, yapo kwenye boksi moja na viazi. Viazi vimekaa juu, vitoe kwanza visije vikanuka.

Mama yako