Mbegu za uyoga wa mwaloni hatuuzi, sababu ndo hii

Kila wiki lazima apige mtu, "dada, mna mbegu za ule uyoga wa mwaloni?" Mara ya kwanza kuulizwa nilimjibu nenda Kirumba asubuhi na mapema, nikajua anasema soko letu la samaki la Mwaloni hapa Mwanza, anatafuta dagaa 😂 Kumbe anamaanisha mti. Mwaloni ule wa kwenye Biblia, mialoni ya Mamre alikokaa Abramu, na uyoga wenyewe ni ule Waitaliano wanauitaga porcini, kitaalamu Boletus edulis, kofia ya kahawia imetuna kama andazi, ukiugeuza hauna zile kurasa kurasa za uyoga tuliouzoea, una kitu kama sponji. Video zimejaa, watu wanaingia msituni na kikapu wanatoka kimejaa, basi mtu wa Buhongwa anaona hela tu.

Hatuna jamani, na anayekwambia anayo muogope.

Iko hivi. Uyoga wa mamama (oyster) tunaolima sisi unakula kitu kilichokufa, majani makavu ya mpunga, mabaki ya pamba, unga wa mbao, ndo maana unakubali kukaa kwenye mfuko chumbani kwako. Porcini unaishi na mti ulio hai. Nyuzi zake nyeupe zinavaa ncha za mizizi kama soksi, zinaupa mti maji na madini ya udongoni, mti nao unalipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Sio mwaloni peke yake, hata misonobari unakaaga nayo, ila usikimbilie kupanda misonobari, maana hata huko Ulaya huu wa sokoni unaokotwa porini. Na wetu wa miombo nao mwingi ni hivyo hivyo, una miti yake, wa kichuguu ndo kabisa, unalimwa na mchwa wenyewe.

Kuna mama wa Igoma aliuziwa vipande vikavu kwa simu akaambiwa ni mbegu, akafukia chini ya mwembe, akamwagilia miezi miwili, waliofaidi ni kuku waliokuwa wanachakura pale. Asijione mjinga lakini, Mjerumani mmoja Albert Bernhard Frank nae serikali ya Prussia ilimtuma atafute namna ya kulima uyoga wa chini ya miti, kulima hakufanikiwa, ila mwaka 1885 akaandika kuhusu huo ushirika wa uyoga na mizizi.

Halafu chini ya mialoni hiyo hiyo unaotaga na Amanita phalloides, ule unaua, sumu yake haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga na tumbo linaanza kuuma baada ya masaa sita na zaidi, sumu imeshaingia kitambo. Kwa hiyo mambo ya kuokota kwa kufuata video, hapana.

Tunachouza ni mbegu za mamama, na Jumamosi tunafundisha kuanzia kuchemsha majani kwenye pipa, kupoza, kujaza mifuko, mpaka kuvuna. Weka wiki tatu nne za giza mfuko uwe mweupe wote kabla hujauonyesha mwanga. Mkija njooni na majani yenu ya mpunga, yawe makavu, yaliyonyeshewa yakaanza kuoza acheni huko huko, yanatuletea ukungu wa kijani kwenye mifuko ya wenzenu.