Harambee ya Uji wa Chekechea

Wapendwa katika Kristo, wana wa Kakuma mlioko Lodwar, Kitale, Eldoret na Nairobi,

Bwana asifiwe. Tunaona haya kuwarudia kabla vumbi la harambee ya mabati halijatulia. Mabati mlitoa, darasa halivuji tena, Mungu awazidishie. Sasa ni sufuria.

Tangu muhula uanze, mama mpishi anapima unga kwa kikombe cha chai. Vikombe kumi, watoto karibu mia. Juzi mtoto mmoja alikunywa nusu, akafunika kikombe kwa daftari, akasema iliyobaki ni ya mdogo wake. Mwalimu aligeukia ubao akajifanya anafuta.

Wengi wao wazazi wao ni wakimbizi wa Sudan Kusini, na nyumbani wanakula mgao. Mwaka 2025 wafadhili, Marekani ikiwa mbele, walipokata misaada, mgao kambini ulishuka chini ya theluthi ya unaostahili. Shirika lililokuwa likituletea unga nalo lilituaga kwa barua ya mistari minne. Kamati inakiri kosa: tulizoea kupokea, hatukuweka akiba hata ya gunia moja.

Mtauliza, si walipata amani yao? Mkataba wa amani wa 2005, kati ya serikali ya Sudan na waasi wa kusini, ulitiwa saini Nairobi, msuluhishi akiwa jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo, nasi tukatembea vifua mbele. Uhuru ukaja Julai 9, 2011. Desemba 2013 risasi zikalia Juba. Ukaja mkataba wa 2015, ukaja wa 2018, na Machi 2025 Riek Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais huko, akazuiliwa nyumbani kwake. Kila wakubwa wakikosana huko, hapa darasani tunaongeza mkeka. Lakini tusiende mbali, hii ni barua ya uji.

Jambo moja tulitaje, hata kama linauma. Baadhi yenu mlisomeshwa kwa mishahara ya kupakia ndege za Loki, yaani Lokichoggio, zile zilizopeleka chakula cha msaada ng'ambo, kusini mwa Sudan, tangu 1989. Njaa ya jirani iliwahi kutulisha sisi.

Na anayenung'unika kwamba watoto wa Waturkana wamesahauliwa aje saa nne asubuhi aone. Sufuria ni moja, na mpishi hajui kupima uji kwa kabila.

Muhula mzima unahitaji shilingi 85,000: magunia 8 ya mahindi, sukari, kuni, kusaga, usafiri na kitu kidogo cha mpishi. Kila shilingi itaandikwa, risiti zitabandikwa mlangoni mwa kanisa. Mlioahidi mabati mkapigiwa makofi, daftari bado liko wazi. Majina hatutasoma, safari hii.

Harambee ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Walioko mbali watume kupitia wazee wa jumuiya zao. Mwenye mahindi Kitale asihangaike kuyauza: lori la mzee wetu linatoka huko Alhamisi jioni, na juu ya vitunguu kuna nafasi.

Katibu, kwa niaba ya kamati