Nyaraka za Sphinx: mchawi amepatikana

Habari za jioni wapendwa. Mnajua kujenga nyaraka zetu kwa Sphinx (programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kurasa za nyaraka) kunachukua muda mrefu. Nimeikagua Makefile yetu (faili ya amri za kujenga) tangu asubuhi, na kinachotuchelewesha ni ile -E kwenye SPHINXOPTS (chaguo tunazoipa Sphinx). Inaiamuru Sphinx isahau yote iliyokwisha kusoma, kwa hiyo hata ukirekebisha koma moja, faili zote zinasomwa upya! Nimeiondoa, nikaweka -j auto ili kazi igawanywe kwenye kori zote za prosesa.

Tafadhali msipige make clean (amri ya kufuta vilivyokwisha kujengwa) bila sababu. Inafuta folda ya doctrees, na humo ndimo kumbukumbu za faili zilizokwisha kusomwa zinamokaa. Ukigusa mipangilio fulani ya conf.py (faili ya mipangilio ya Sphinx), Sphinx itaanza kusoma upya, hilo ni kawaida.

Wengi mnajitolea usiku baada ya kazi, sitaki muda wenu uishie kusubiri. Vuteni mabadiliko haya kwenye kompyuta zenu leo. Ukikwama, bandika hapa mistari ya mwisho ya kosa.