Yah: Malalamiko Kuhusu Diski Nane Zisizosoma Kwenye Kompyuta za Zamani na Kukataliwa kwa Waranti

Kwa Meneja Mauzo,

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Diski nane za mtumba zilizotolewa kwenye seva, TB 4 kila moja, tulizonunua kwenu kwa ajili ya maabara ya kompyuta ya shule, hazionekani kwenye BIOS, ile programu inayoiwasha kompyuta. Mlizipokea, mkazipima, mkaturudishia na fomu iliyoandikwa "diski nzima, tatizo ni mazabodi ya mteja", na waranti ikakataliwa. Kwamba diski ni nzima, tunakubali. Hilo la mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, si kweli, na ndilo linalotuumiza, maana tungelifuata tungenunua mazabodi nane na diski zingebaki kimya vilevile.

Dalili yenyewe inatosha kuonyesha pa kutafuta. Washa kompyuta, weka kiganja juu ya diski: haitetemi, hailii, inabaki baridi. Diski yenye kebo mbovu ya data, au iliyochomekwa kwenye mlango uliozimwa ndani ya BIOS, kwa kawaida huzunguka tu, kwa sababu umeme wake una njia yake. Isiyozunguka kabisa inauliza habari za umeme kwanza. Hata hivyo, ili pasiwe na ubishi, kebo za data zilibadilishwa, milango ikahamishwa, betri ndogo za mazabodi (CR2032) zikapimwa zikatoa volti 3, na hali za AHCI na IDE, yaani njia mbili za kompyuta kuwasiliana na diski, zikajaribiwa zote mbili. Hakuna kilichobadilika. Diski za zamani kwenye milango hiyohiyo zinasoma bila shida.

Tatizo liko kwenye pini ya tatu ya umeme. Plagi ya umeme ya SATA, aina ya kiunganishi cha diski hizi, ina pini 15: ya 1 hadi ya 3 zilitengwa kwa volti 3.3, ya 7 hadi ya 9 kwa volti 5, ya 13 hadi ya 15 kwa volti 12, na karibu zote zilizobaki ni za ardhi. Diski za inchi 3.5 hazikuwa na haja na zile volti 3.3, kwa hiyo viwango vya SATA vilivyotolewa mwaka 2016 viliipa pini ya 3 kazi nyingine: kuizima diski kwa amri. Pini hiyo ikipata umeme, diski inajizima. Kwenye seva ni msaada mkubwa, kwani diski iliyoganda inazimwa na kuwashwa upya bila mtu kuichomoa. Lakini pawasaplai ya kompyuta ya mwaka 2010 hupeleka volti 3.3 hapo muda wote, kupitia ule waya wa rangi ya chungwa. Diski inapokea amri ya kuzima tangu sekunde ya kwanza, na amri haiondoki.

Sasa tazameni kwa nini kwenu zilisoma. Fomu yenu inasema zilipimwa kwenye doki ya USB, kifaa cha kuchomekea diski nje ya kompyuta. Doki za namna hiyo kwa kawaida hutoa volti 12 na volti 5 tu, pini ya 3 haipati kitu. Diski yoyote ya aina hii itafaulu kipimo hicho, kisha itafeli kwa kila mteja mwenye kompyuta ya zamani. Mkitaka kuhakikisha, chukueni pawasaplai yoyote ya zamani yenye waya wa chungwa kwenye plagi ya SATA, chomekeni diski moja kwa moja, haitazunguka. Kisha wekeni katikati adapta ya Molex (plagi ya umeme ya zamani ya pini nne) kwenda SATA, yenye nyaya nne tu: njano, nyekundu na nyeusi mbili. Itanguruma, na BIOS itaisoma jina na ukubwa. Sisi tumeona hivyo kwa zote nane.

Kwamba baadhi zilipoonekana zilikuwa tayari zimegawanywa kwa MBR, mfumo wa zamani wa kugawa diski, na hivyo Windows haikuweza kutumia zaidi ya takriban TB 2.2, hatulalamikii. Kuzigeuza kuwa GPT, mfumo mpya usio na kikomo hicho, ni kazi yetu.

Mhudumu wenu alishauri kwa simu "mzibe pini kwa selotepu". Selotepu ya kawaida hulegea kwa joto, gundi ikabaki kwenye pini. Utepe wa Kapton, unaostahimili joto, unafaa, ukikatwa mwembamba na kufunika pini ya 1 hadi ya 3, upande unaopakana na plagi ya data, lakini plagi ikichomolewa mara chache utepe hujikunja. Kukata waya wa chungwa nako ni kuharibu pawasaplai zetu kwa ajili ya bidhaa yenu. Adapta ndiyo dawa, ila kompyuta nne kati ya zetu hazina plagi ya Molex kabisa.

Oda yetu iliandika aina na mwaka wa kila kompyuta. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji aliyeelezwa matumizi na kutegemewa utaalamu wake hawezi kusema hayamhusu. Kwa hiyo tunaomba:

Diski nne zibadilishwe kwa zisizo na kipengele cha kuzimwa kwa pini ya 3, kwa gharama zenu. Kwa nne nyingine tupewe adapta za Molex ambazo kila waya umebanwa kwenye kichwa chake na unaonekana ukitazama nyuma ya plagi. Zile za bei rahisi zilizomwagiwa plastiki hatutazipokea, kwani nyaya zikigusana ndani zinaungua, na maabara hukaa wanafunzi. Fomu ya waranti irekebishwe. Na diski zilizobaki dukani ziandikwe wazi kuwa zina kipengele hicho.

Nakala ya oda, risiti, namba za diski na picha za vipimo vya volti zimeambatishwa. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, la sivyo tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mafundi, Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkuu wa Shule, Mhasibu