Mmetufundisha kuogopana ndani ya gari

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za watoto waliolikimbiza kwenye madirisha ya mabasi pale stendi ya Moshi, na miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya tahadhari kwa abiria ndiyo imenitoa kwenye kimya. Mnaikumbuka: ilitoka baada ya abiria kuleweshwa kwa juisi na kuibiwa, na chini yake mkapanga orodha ya mambo ya kuepuka safarini. Usipokee chakula wala kinywaji. Usioneshe fedha. Usianzishe mazungumzo na mtu usiyemfahamu. Usimpe mtu mtoto wala mzigo akushikie, na wewe usikubali kushika wa mwenzio.

La juisi nakubaliana nalo kabisa. Watu wameumia. Lakini salamu imeingiaje humo? Kumpakata mtoto wa mama aliyesimama kumeingiaje humo? Gari ambalo abiria wamesalimiana na kujua nani anashuka Tengeru na nani anafika Moshi, mwizi analiogopa. Analolipenda ni lile ambalo kila mtu amejifungia na lake.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa natoka Arusha kurudi nyumbani. Maji ya Chai akapanda binti mmoja, mtoto mkononi, kiroba cha viazi begani, na gari limeshajaa. (Najua kusimamisha abiria ni kosa. Makonda nao wanajua, ndiyo maana wakikaribia trafiki wanawaambia watu wachuchumae.) Zamani asingefika hata katikati ya gari kabla mtoto hajapokewa na kiroba kuvutwa miguuni mwa mtu. Watoto nisiowajua wamelala mapajani mwangu kutoka Kikatiti hadi Boma Ng'ombe, mama zao wakashuka na kuniambia asante bibi, tusionane tena maishani, na siku yangu yote ikawa nzuri. Siku hiyo kijana wa pembeni yangu ana hedifoni masikioni, wa mbele anatazama simu, wa nyuma amefumba macho. Nikanyoosha mikono, nikamwambia, "Nipe huyo mjukuu wangu, mwanangu, ushike bomba vizuri." Akarudi nyuma. Akasema, "Hapana bibi, samahani, siku hizi tumeambiwa tusiwape." Alisema kwa adabu, lakini macho yamejaa hofu, na aliyekuwa akiogopwa ni mimi, mwanamke mwenye mvi niliyefanya kazi ya ustawi wa jamii hadi nikastaafu. Karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA ng'ombe wakakatiza barabara, dereva akakanyaga breki, kichwa cha mtoto kikagonga chuma cha kiti. Mtoto analia, mama analia, na gari zima, Mhariri, gari zima, hakuna aliyempa pole! Watu wazima, wazazi, wanamwona mtoto mchanga ameumia na wanageukia dirishani kana kwamba kumhurumia ni kujiingiza matatani! Nikainuka na magoti yangu mabovu nikamwachia kiti. Hapo ndipo yule kijana alipovua hedifoni, akanipisha mimi, akamwuliza mama mtoto ana miezi mingapi, akashika kiroba. Kufika Boma Ng'ombe walikuwa wanacheka. Kumbe moyo alikuwa nao muda wote. Alichokosa ni ruhusa, na ruhusa hiyo mliinyima ninyi.

Mlisema orodha ile ni kwa ajili ya usalama na ustawi wa abiria. Ustawi ndiyo kazi niliyoifanya, kwa hiyo nisikilizeni. Mwaka 2014 watafiti wa saikolojia Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha utafiti waliofanya kwa abiria wa Chicago, Marekani. Kwenye treni, wengine waliambiwa wazungumze na mtu wasiyemfahamu, wengine wakae kimya, wengine wasafiri kama walivyozoea. Waliozungumza ndio waliofurahia safari kuliko wote, ilhali abiria walioulizwa wakisie walidhani itakuwa kinyume. Mwaka 2022 Epley huyohuyo na mwenzake Amit Kumar walichapisha mwingine: kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu, watu walipewa kikombe cha kakao ya moto wampelekee mgeni yeyote pale. Waliotoa walikadiria furaha ya waliopokea chini ya ilivyokuwa kweli. Mtoaji alikuwa akifikiria kikombe, na mpokeaji akifikiria kwamba kuna mtu amemjali. Sisi hatuhitaji hata kakao. Tuna mapaja ya kupakatia.

Na msiniambie upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema unampata mtu 1 kati ya 6 duniani na unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Katika nchi za kipato cha chini ni karibu asilimia 24 ya watu, katika nchi tajiri kama asilimia 11. Mimi nimewaona kwa macho: wazee wa Kibosho na Uru, watoto wao wote wako Dar es Salaam, wanateremka Moshi mjini siku ya soko bila haja ya kununua chochote. Wanakuja wapate mtu wa kuwaamkia.

Wakifika mjini wakae wapi sasa? Baraza za maduka zimezungushiwa nondo, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kukaa. Mzee aliyechoka anakosea nini akikaa kivulini dakika chache? Na ndani ya magari ni muziki unaopigwa hadi vioo vinatetemeka, ukimwamkia jirani yako hakusikii, ukimwomba konda akushushe unapitilizwa.

Naomba mambo mawili. Gazeti liichape upya ile orodha, ukurasa uleule na kwa herufi kubwa zilezile, yabaki ya chakula, kinywaji na fedha, na ya mazungumzo, mtoto na mzigo yaondolewe. Na wenye mabasi madogo ya Coaster ya Arusha na Moshi wazime muziki kuanzia Usa River hadi Boma Ng'ombe, kila safari, mchana na usiku, na konda akishafunga mlango atangaze kwa sauti kwamba waliokaa wapokee watoto wa waliosimama. Kutoka Boma hadi Moshi wanaweza kuwasha nyimbo zao.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi