Watafiti wa akili, ketini nasi barazani

Mhariri,

Mwaka 2010 wataalamu watatu waliokuwa Canada wakati huo, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, walieleza jambo zito: asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na nchi hizo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Matokeo yakaitwa tabia ya binadamu. Binadamu yupi?

Mimi nashona kofia hapa Kibokoni, na vijana wa vyuo hupita barazani petu na karatasi zao za maswali. Nawapenda, wana adabu na hamu ya kujua. Mmoja aliniuliza hasira zangu nazituliza vipi, nichague jawabu moja kati ya yaliyoandikwa. Nikamwambia, mwanangu, sijitulizi mwenyewe. Shemeji yangu ndiye huitwa, akaja akaketi nasi mpaka kahawa imalizike. Yule kijana akatafuta kisanduku cha shemeji kwenye karatasi yake, hakuna. Akatia alama penye "mengineyo".

Pale pale ndipo palipokuwa na utafiti! Hasira ya mtu mmoja kuwa shughuli ya nyumba nzima ni swali kubwa kuhusu akili na jamii, tena liko Mombasa.

Nawaomba wahadhiri wawape wanafunzi muda wa kuketi na kusikiliza kabla ya kuchapa maswali. Na wakimaliza, warudi watusomee walichoandika. Palipokosewa tutawaambia.

Mshona kofia,
Kibokoni, Mombasa