YAH: Udongo mlionimwagia Bwiru, na chupa mliyoimwaga miguuni pangu

Bwiru, Mwanza
14 Novemba

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe. Usimpe yule kijana wa mapokezi akusomee, kwa sababu ndiye ninayemlalamikia.

Masharti yenu mnayajua, mmeyachapa nyuma ya risiti: udongo wa juu, tifutifu, uliochekechwa, na mteja asiporidhika ndani ya siku saba anabadilishiwa. Nililipia tripu tatu shilingi 540,000, na 150,000 nyingine ya kusambaza. Siku ya nne nilikuwa ofisini kwenu. Siku ya nne, Ndugu Meneja, si ya nane.

Nilikuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndani nilikuwa nimetia udongo wenu theluthi moja, nikajaza maji, nikatikisa, nikaiweka dirishani. Kipimo hiki kila anayeuza udongo anapaswa kukijua. Mchanga unatua kwanza, ndani ya dakika moja au mbili. Mchangatope unafuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi ndio wa mwisho, siku nzima na zaidi. Tifutifu ya bustani inakuonyesha matabaka yote matatu. Chupa yangu ilikuwa na mchanga usiofika hata upana wa kidole, na juu yake mfinyanzi mtupu, na baada ya siku mbili maji yalikuwa bado meusi. Niliipakata kwenye daladala mpaka mjini kama mtu anayepakata mtoto mchanga, matabaka yasivurugike, ili muone kwa macho yenu.

Kijana wenu aliipokea, akaitikisa. Akafungua kifuniko, akaimwaga sakafuni mbele ya miguu yangu, tope likarukia kitenge changu, akasema: "Mama, udongo ni udongo. Kwani unataka kuula?" Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

Sasa niseme ni udongo gani. Mlioniletea ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa mabondeni, na tena si mbuga ya shambani, ni kifusi kilichochimbwa kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Nimeokota humo vipande vya tofali, nailoni, misumari mitatu na bonge la zege kubwa kama kichwa. Hicho ndicho kilichochekechwa? Kwa chekeche gani? Mbuga siidharau, mimi ni mtoto wa Usukumani. Mpunga wetu unastawi kwenye majaruba kwa sababu mbuga inashika maji haiyaachii. Lakini pasparamu, majani ya uwanja niliyopanda, si mpunga. Ikinyesha, uwanja wangu unakuwa uji, mtu akikanyaga anaacha ndala. Likiwaka jua siku tatu, unapasuka nyufa za kuingiza vidole viwili, na nyufa hizo zinakata mizizi ya majani machanga. Magunia sita ya miche ya pasparamu niliyonunua kwa fedha yangu yamekauka yote, isipokuwa kipembe kimoja karibu na bomba.

Ndago ndiyo iliyoota, na imejaa. Mnajua gugu hili lilivyo: vile viazi vyake vidogo chini vimeungana kama shanga kwenye uzi, ukipiga jembe unavitenganisha, na kila kimoja kinakuwa mche mpya. Kabla ya gari lenu kuingia, kwangu hapakuwa na ndago hata moja. Leo ipo mpaka kwenye tuta la mchicha.

Wenzangu wa Bwiru watanielewa kwa nini jambo hili linaniuma. Sisi tumepewa mawe. Ukichimba kidogo jembe linagonga jabali, na ule udongo kidogo uliopo mvua ya vuli inauteremsha ziwani. Mtu wa huku akinunua udongo wa juu hanunui pambo, ananunua kitu ambacho kiwanja chake hakina. Nilijinyima pensheni miezi mitano.

Na wasambazaji wenu. Walikuja asubuhi baada ya mvua, udongo umeloa chepechepe, nikawaomba wasubiri ukauke kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukiuvuruga ukiwa umeloa unashikana kama tofali. Wakasema wana kazi nyingine Nyasaka mchana. Hawakutifua ardhi ya chini hata kidogo. Kazi hii inajulikana: unakatua kwanza, unachanganya tabaka la kwanza na udongo uliopo ili maji yapite, ndipo unaongeza la pili, unasawazisha kwa reki. Wao walimwaga juu ya ardhi ngumu kama mtu anayetandika shuka. Fuso likapita mara mbili juu ya matuta yangu ya maua. Shina la mwembe wakalifukia mpaka usawa wa goti. Mwembe ule aliupanda marehemu mume wangu mwaka 1994, na gome la mti likifukiwa linaoza. Nimelifukua mwenyewe kwa mikono, nikiwa na mgongo huu. Na mteremko wameuelekezea nyumbani, udongo uko juu kuliko baraza, kwa hiyo mvua ya usiku ule maji yaliingia sebuleni.

Kuhusu kipimo pia. Tulikubaliana mita za ujazo 18. Hesabu niliwapigia mimi: uwanja wa mita za mraba 120 kwa kina cha sentimita 10 ni 12, na matuta ya mita za mraba 24 kwa sentimita 25 ni 6. Mkasema kila tripu ni 6, tripu tatu zinatosha. Gari lilipokuja nilipima bodi kwa tepu, dereva akiwa anakunywa maji: urefu mita 3.6, upana mita 2, na udongo umefika sentimita 60. Hiyo ni 4.3 na kidogo. Mara tatu haifiki hata 13. Mita tano za udongo wangu ziko wapi?

Msimamizi wenu alinipigia simu wiki iliyopita, baada ya mimi kupiga mara tisa, akashauri niongeze mchanga wa ziwani juu, "utalainika". Haulainiki. Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi mwingi unakupa kitu cha kufyatulia tofali. Na mchanga huo mngeuchota wapi? Ndani ya mita 60 za ufukwe, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu?

Narudi kwenye siku ile ofisini kwa sababu silali nikiikumbuka. Sijakueleza yote. Baada ya kumwaga chupa yangu, kijana wenu alimwita mlinzi kwa sauti: "Njoo upige deki, huyu bibi ametuchafulia ofisi." Mimi ndiye niliyechafua. Mlinzi akaja na dekio na ndoo, akanyanyua uso, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha darasa la tano. Akapiga magoti kufuta tope kwenye viatu vyangu, na yule kijana wenu nyuma ya kaunta bado anacheka, anarudia, "kwani unataka kuula?" Nimefundisha miaka 31. Nimewafundisha watoto wa watu kumwamkia hata mwendawazimu. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikafutwa viatu na mwanafunzi wangu kwa sababu ya kudai haki yangu. Niliondoka bila kusema neno, nikapitia ngazi nikiwa sioni vizuri.

Siku ile nilitaka kitu kidogo tu: mje muone. Mngekuja, barua hii isingeandikwa. Sasa nataka udongo wote uondolewe, wote mpaka ardhi ya zamani, pamoja na ndago, kwa toroli na si kwa Fuso; tifutifu ya kweli iletwe, mita 18 kamili, nipime kabla haijamwagwa; na isambazwe ikiwa kavu, chini ya usawa wa baraza, mbali na shina la mwembe. Nataka mlipe pasparamu yangu. Na kijana yule aje Bwiru, nyumbani kwangu, aniombe radhi mbele ya mlinzi wenu.

Nimesoma tena niliyoandika hapo juu na naona nimekuwa mpole mno. Sitaki tena udongo wenu. Siwezi kuamini tena gari lenu likiingia getini. Uondoeni huo, mnirudishie shilingi 690,000 taslimu, na bei ya magunia sita, na radhi ibaki palepale, hiyo haina fedha.

Nawapa mpaka tarehe 28 Novemba. Ikipita, vipimo vya bodi ya gari nitavipeleka Wakala wa Vipimo, risiti na masharti yenu Tume ya Ushindani, na madai ya fedha Mahakama ya Mwanzo. Picha ninazo za nyufa, za zege, za maji sebuleni. Chupa ya pili ya udongo wenu ninayo pia, iko dirishani na tarehe nimeibandika.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
mteja wenu wa Bwiru

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa